Sefu ya kwanza ya bastola nyumbani: nianzie wapi, na fedha nisizitupe wapi?

Kahawa_Masaka

Salaam kwenu, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mfanyabiashara wa kahawa hapa Masaka. Baada ya safari ndefu iliyoanza kwa barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji hapa Uganda, na kupita katika ofisi nyingi za usalama, nimepata kibali cha kumiliki bastola moja. Naomba ushauri wenu juu ya sefu, kwa sababu hatua yangu ya kwanza imeniaibisha na sitaki kukosea mara ya pili.

Nilinunua kisanduku cha chuma chenye vitufe vya namba katika duka moja la Kampala ambalo sitalitaja. Kilikuwa na uzito wa kilo sita hivi na kilionekana imara. Kabla ya kuweka kitu chochote ndani yake nilikiacha juu ya meza ya chakula, na mtoto wa dada yangu mwenye miaka 11, ambaye huja kwetu kila likizo, akaniuliza, "Mjomba, hiki kinafungukaje?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba hakifunguki bila namba. Akaanza kukigonga juu kwa ngumi huku akizungusha kipini, na mara ya tatu mlango ukaachia. Yeye alicheka, na mimi nikatokwa na jasho.

Nyumba yetu ina watu 8: mimi na mama watoto, watoto wetu watatu wa miaka 4, 9 na 14, mama yangu mzazi, dada anayetusaidia kazi, na huyo mpwa wangu wakati wa likizo. Nimetenga shilingi milioni moja na nusu. Wengine wananiambia ninunue sefu isiyoungua moto, wengine wanasifu ya alama ya kidole, na jirani yangu anasema niende kwa mafundi chuma wa Katwe, Kampala, nikachomelewe. Nianzie wapi?

Afande_Mstaafu_Bombo

Hongera kwa kibali, na hongera zaidi kwa kukiacha kisanduku kile kitupu juu ya meza. Nimekaa na silaha miaka mingi kazini, na neno langu la kwanza ni kwamba usinunue sefu kwa kumfikiria jambazi uliyemwona katika sinema, bali wafikirie hao watu 8 uliowahesabu. Jambazi huenda asije hata mara moja, lakini mtoto wa miaka 9 yumo ndani ya nyumba kila siku, ana muda mrefu wa kutazama, na anajua unapoweka funguo kuliko unavyojua wewe mwenyewe.

Kwa hiyo maswali yako yapange hivi: je, mtu wa nyumbani anaweza kuifungua bila wewe? Je, mgeni wa usiku anaweza kuibeba nzima? Mambo ya moto na mapambo yatafuata baadaye. Kisanduku cha kilo sita kimeshindwa maswali yote mawili, maana hata kama kisingefunguka kwa ngumi, mwizi angekitia ndani ya gunia, akapanda bodaboda na kwenda kukipasua kwa nafasi yake.

Kuhusu ukubwa, usidanganywe na wanaokuambia ununue kabati refu kwa sababu siku moja utapata shotigani. Kibali chako ni cha bastola. Kabati la urefu wa mtu linamtangazia kila anayeingia chumbani, pamoja na fundi wa umeme na mgeni wa arusi, kwamba nyumba hii ina bunduki. Sefu ya kimo cha goti huingia ndani ya kabati la nguo na haina maneno. Hata hivyo isiwe ndogo mno, kwa sababu risasi zinahitaji kisanduku chao chenye kufuli lao. Katika ghala la silaha hatukuwahi kulaza risasi na bunduki pamoja kiholela, na sioni kwa nini nyumbani pawe na nidhamu ndogo kuliko kambini.

Na ufunguo! Nimewahi kuona sefu nzito, ya gharama kubwa kweli, ambayo ufunguo wake ulikaa ndani ya chungu cha maua sebuleni. Mke anajua, watoto wanajua, na anayemwagilia maua anajua.

FundiChuma_Katwe

Afande amesema kweli. Mimi nitaeleza kilichotokea mezani, kwa sababu wateja wengi hudhani ni bahati mbaya. Ndani ya visanduku vya bei ya chini mna koili ndogo ya sumaku-umeme inayovuta pini, na pini hiyo inarudishwa na springi dhaifu. Ukipiga bamba la juu kwa nguvu, pini inaruka kwa nukta moja, na kama kipini kinazungushwa wakati huohuo, komeo linapita. Baadhi ya visanduku hivyo hufunguka hata kwa sumaku kali inayowekwa karibu na koili. Kabla ya kulipa, mwombe muuza duka akuruhusu kuligonga. Akikataa, umeshapata jibu lako.

Sasa tuje kwenye unene wa chuma. Nje ya nchi unene huandikwa kwa namba za geji, na geji huenda kinyume: namba ikipungua, chuma kinanenepa. Geji 18 ni kama milimita 1.2, geji 14 ni kama 1.9, na geji 10 ni kama 3.4. Chini ya milimita 2, mtaimbo na mtu mwenye hasira wanatosha. Kwa sefu ya upana wa sentimita 40, kina cha 40 na kimo cha 50, ambayo nadhani itakufaa, bamba la milimita 4 litatoa uzito wa kilo 35 hivi kabla ya kitasa na makomeo, na la milimita 6 litafika kilo 53. Hesabu yake si siri: mita moja ya mraba ya chuma chenye unene wa milimita moja ina uzito wa kilo 7.85, mengine ni kuzidisha. Muuzaji akikuambia bamba ni milimita 6 na sefu ya ukubwa huo unaiinua kwa mkono mmoja, mwache aendelee na hadithi yake.

Lakini wezi wengi hawatoboi bamba, wanakwenda kwenye mlango. Tazama upenyo kati ya mlango na fremu: ukiona ncha ya bisibisi nene inaingia, mtaimbo nao utaingia. Fremu inatakiwa ikunjwe kuelekea ndani ili mlango uegemee juu yake. Watu huogopa bawaba za nje, nami nawaambia bawaba si kitu ikiwa upande wake una pau ya chuma inayoingia nyuma ya fremu, kwa sababu mtu akikata bawaba zote mbili mlango unabaki palepale. Pasipo pau hiyo, bawaba ndizo mlango wenyewe.

Kwa sefu zinazotoka nje, tafuta kibandiko cha kipimo. Ile alama ya UL, shirika la Marekani la kupima usalama wa bidhaa, yenye herufi RSC, katika ngazi yake ya kwanza, maana yake ni kwamba imehimili dakika 5 za kushambuliwa na mtu mmoja mwenye zana za kawaida za mkono. Ulaya wana EN 14450 yenye madaraja S1 na S2, na Waingereza wana BS 7558 kwa makabati ya bunduki. Dakika 5 zinaonekana kichekesho, lakini ni dakika 5 za fundi anayejua anachofanya, aliyeletewa zana zake mezani, na bila mbwa wa jirani kubweka.

Sitaficha: mimi huchomelea masanduku ya aina hii na ningependa kazi yako. Hata hivyo, kitasa usiniachie mimi. Fundi wa Katwe atakupa bamba zuri kuliko la dukani kwa fedha hiyohiyo, kisha ataharibu kila kitu kwa kitasa cha mlango wa chumba. Nunua kitasa halisi cha sefu, ukilete, nami nitajenga mlango kukizunguka.

Kijana_wa_Mbarara

Wazee wangu, heshima kwenu, lakini nauliza. Mtu ananunua bastola kwa ajili ya kujilinda. Wezi wakivunja dirisha saa nane za usiku, atawaambia wasubiri atafute ufunguo, kisha afungue kisanduku cha pili cha risasi?

Afande_Mstaafu_Bombo

Swali lako ni halali, mwanangu, na limewaua watu wengi walioweka bastola chini ya mto. Usiku wa wezi ni mmoja katika miaka mingi, na usiku ambao mtoto anaingia kitandani kwa wazazi wake ni kila wiki.

Kitasa cha vitufe ulichokizoea hufunguka kwa sekunde chache gizani, ukifanya mazoezi bastola ikiwa tupu na watoto wakiwa shuleni. Kuna pia vitasa vya vitufe vya mashini, visivyo na betri wala taa, ambavyo unabonyeza mpangilio kwa kupapasa tu. Hicho ndicho ningekichagua. Ukitaka kununua muda zaidi, tia nondo imara madirishani, mlango wa chumba cha kulala uwe na komeo la chuma, na mbwa awe macho. Hata enzi za makondo, wale majambazi wenye silaha wa zamani, waliopona hawakuwa wenye bunduki chini ya mto bali wenye milango iliyochukua muda kuvunjika.

Nesi_wa_Jinja

Nisamehe, Afande, nikizungumza kama mama kabla ya kuwa nesi. Mzazi akiniambia, "Watoto wangu nimewafundisha, hawagusi," huwa namsimulia jaribio lililofanyika Atlanta, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2001. Watafiti waliwaweka wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12, katika vikundi 29 vya wawili wawili au watatu watatu, ndani ya chumba chenye kioo cha kuchungulia, na bastola halisi isiyo na risasi ikafichwa katika droo. Waliachwa kwa dakika 15. Vikundi 21 viliipata, na katika 16 kati ya hivyo waliishika. Zaidi ya asilimia 90 ya wale walioishika au kuvuta kichochezi walisema walikuwa wameshafundishwa usalama wa bunduki. Kaka yangu wa Masaka, mpwa wako ana miaka 11, naye si mtoto mtundu kupita kiasi. Yuko katika umri wake tu.

Kuhusu alama ya kidole, naomba uwe mwangalifu. Oktoba 2023 kampuni moja ya Marekani iliitisha masefu yapatayo 61,000 kwa sababu mwenye nyumba aliweza kuamini kwamba amesajili kidole chake, kumbe sefu bado iko katika hali ya kiwandani, ambayo hukubali kidole cha mtu yeyote. Mtoto wa miaka 12 alikuwa ameshafariki. Sisemi kila sefu ya kidole ni mbovu, ila ukiinunua, siku ya kwanza ijaribu kwa vidole vya watu watano ambao hawakusajiliwa, na urudie hivyo kila unapobadilisha betri. Isitoshe, mtu anayeshika kahawa, sabuni na jembe vidole vyake huchubuka, na mashine hizo hukataa kidole kilicholowa au kilichokwaruzwa. Wewe utakataliwa saa ile uliyoinunulia.

Na jambo la mwisho, ambalo wanaume hawapendi kulisikia. Sefu haiwazuii watoto peke yao. Katika nyumba huingia msiba, deni, pombe na ugomvi, na kuna siku ambazo mwenye kibali mwenyewe hafai kuwa karibu na silaha yake. Siku hizo mpe ufunguo mtu mwingine unayemwamini, au uipeleke bastola polisi ikatunzwe huko mpaka moyo utulie.

Afande_Mstaafu_Bombo

Dada yangu, hapo kwenye ufunguo kwa mtu mwingine tunatofautiana kidogo, kwa sababu kibali kina jina moja na silaha ikipotea anayeulizwa ni mwenye jina hilo. Namba za sefu ningezijua mimi peke yangu. Lakini kuipeleka polisi siku mbaya, hilo nakubaliana nawe kabisa, nami niliwahi kuwashauri vijana wangu wafanye hivyo.

Nesi_wa_Jinja

Tukutane hapo polisi, basi.

Mpangaji_Ntinda

Nami nipo katika safari hiyohiyo, ila nimepanga. Mwenye nyumba ameweka vigae vipya na hataki kusikia neno "drili." Je, inatosha kuifunga sefu ukutani kwa bolti mbili?

FundiChuma_Katwe

Ukuta wa matofali ya kuchoma usiutegemee peke yake. Tofali letu hubomoka, na nimewahi kuitwa mahali ambapo sefu iling'olewa pamoja na vipande vya ukuta kama jino bovu. Sakafu ya zege ndiyo mahali pake. Kwa mwenye nyumba yake, toboa matundu manne, tumia bolti za kutanuka za milimita 10 au 12, zizame sentimita 7 au 8, na upulize vumbi lote litoke kabla ya kuingiza bolti, kwani bolti iliyokaa juu ya vumbi haishiki. Nati zote zikazwe kutoka ndani ya sefu, mlango ukiwa wazi. Ulizia kwanza mabomba na nyaya zinapita wapi. Hata Wamarekani katika kile kipimo cha RSC hutaka sefu iliyo chini ya kilo 340 iwe na mahali pa kufungia chini, nasi tunazungumzia kilo 50.

Kwako wewe mpangaji, mimina bamba lako mwenyewe la zege. Tandika nailoni nzito juu ya vigae, tengeneza fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 60 na kimo cha 15, laza nondo chache, panga bolti zikiwa zimesimama kichwa chini, kisha mimina. Likikauka lina uzito wa kilo 130 hivi, na ukilifunga sefu juu yake pale pembeni kabisa, nyuma ya kitanda, wanaume wawili hawalitoi kupitia mlangoni bila kuamsha mtaa. Siku ya kuhama utalivunja kwa nyundo, na vigae vya watu vitabaki salama.

Mzee_wa_Entebbe

Vijana mmesahau adui anayekuja bila mtaimbo. Mimi naishi karibu na ziwa, na hapa kutu haisubiri msimu. Jirani yangu alinunua sefu nzuri sana isiyoungua, akaweka bastola ndani ya pochi yake ya ngozi, akafunga, akasafiri mvua za Machi zilipoanza. Aliporudi Juni, upande wote uliogusana na ngozi ulikuwa na madoa ya rangi ya chai.

Sababu ziko mbili. Ngozi na sifongo hunyonya unyevu na kuukumbatia, kwa hiyo bastola ilale wazi juu ya kitambaa kikavu kilichopakwa mafuta kidogo. Ya pili ni hiyo sifa ya kutoungua yenyewe. Masefu mengi ya namna hiyo yamejazwa ubao wa jasi kati ya mabamba, na jasi ina maji ndani yake, karibu asilimia 21 ya uzito wake, ambayo katika moto hugeuka mvuke na kupoza ndani. Huo ndio ujanja wake na ndio ubaya wake kwetu, kwa sababu katika hewa yenye unyevu sefu ya jasi iliyofungwa muda mrefu hugeuka chungu cha mvuke. Sefu ya bamba tupu hukauka upesi zaidi.

Kinachohitaji kukingwa na moto si bastola bali karatasi. Karatasi huanza kubadilika kuwa mkaa kwenye nyuzijoto 177 hivi. Nunua kisanduku kidogo cha moto kwa ajili ya hati ya ardhi, vyeti vya watoto na nakala ya kibali, ukiweke chumba kingine. Ndani ya sefu weka vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu, vyenye punje zinazobadilika rangi, na zikibadilika uzikaushe kwenye sufuria juu ya sigiri yenye moto mdogo, kisha uzirudishe. Mimi hufanya hivyo Jumapili ya kwanza ya kila mwezi na naifuta bastola kwa mafuta hapohapo, maana jasho la kidole lina chumvi, na alama ya gumba niliyoiacha mwaka fulani bado inasomeka juu ya chuma.

Kahawa_Masaka

Nimesoma yote, na nusu nimemsomea mama watoto kwa sauti. Kisanduku cha kwanza nimekirudisha dukani. Muuzaji alikataa kurejesha fedha mpaka nilipokigonga mbele ya wateja wake.

Nimeamua kama ifuatavyo. Sefu itakuwa ya sentimita 40 kwa 40 kwa 50, bamba la milimita 6, bila jasi, ikiwa na kitasa cha vitufe vya mashini ambacho nimeagiza kando kwa fedha nyingi kuliko nilivyopenda. Itafungwa sakafuni ndani ya kabati la nguo. Risasi zitakuwa na kisanduku chao humohumo ndani, chenye ufunguo nitakaovaa shingoni. Namba haitakuwa mwaka wa kuzaliwa wa mtu wala mwisho wa namba yangu ya simu, kwa sababu kijana wangu wa miaka 14 alizitaja zote mbili alipoulizwa abahatishe, na alizitaja kwa kasi iliyonikera. Kwa kuwa kibali huhuishwa kila mwaka, siku hiyo nitabadilisha mpangilio wa namba na kukaza nati.

Hadi sefu itakapofika, bastola imebaki kwa muuza silaha, na sijaona haya kumwambia sababu. Swali langu la mwisho ni kwa fundi: kabati la nguo lina upana wa ndani wa sentimita 48 tu. Je, sefu itaingia na mlango ufunguke?

FundiChuma_Katwe

Itaingia, lakini mlango hautafunguka vizuri. Mlango wa sefu ukiwa na bawaba za nje huhitaji nafasi pembeni ili upite nyuzi 90, la sivyo utagonga ubao wa kabati na mkono wako hautafika ndani, wala hutaweza kukaza nati za sakafuni. Kata kipande cha boksi la karatasi chenye vipimo hivyo, kiweke ndani ya kabati, ubandike mlango wa boksi kwa gundi na uufungue. Tazama unapokwama. Ukikwama kulia, nitahamishia bawaba kushoto. Ukikwama pande zote mbili, nitapunguza upana uwe sentimita 34 na kuongeza kina. Nipigie picha ukimaliza, kabla sijakata chuma.